Mimea Iliyoanikwa Juu ya Tanga: Kazi ya Banks na Solander Ndani ya Endeavour

Tarehe 3 Mei 1770, kwenye ufuo wa ghuba moja ya mashariki mwa Australia, Joseph Banks, kijana tajiri wa Uingereza aliyependa elimu ya mimea, aliagiza karatasi zake zote za kukaushia mimea ziteremshwe kutoka meli yao, Endeavour. Yalikuwa mafungu karibu 200, kila fungu likiwa na karatasi zaidi ya ishirini, na mengi tayari yalijaa majani, maua na matunda. Tanga lilitandazwa mchangani, mimea ikaanikwa juani kutwa nzima, na Banks akashinda akiigeuzageuza. Mafungu mengine aliyapindua, ya ndani yakawa nje. Aliandika katika shajara yake kwamba mimea imekuwa mingi mno, na isipoangaliwa kwa namna ya pekee itaharibikia humo ilimobanwa. Siku tatu baadaye meli iling'oa nanga. Nahodha James Cook alikuwa ameipa ghuba hiyo jina la samaki aina ya taa, waliovuliwa humo wakubwa wakubwa. Baadaye akalibadili jina likawa Botany Bay, ghuba ya elimu ya mimea.

Hapo ndipo penye fundo. Katika vitabu vya wataalamu, jina la kisayansi la mmea hufuatwa na jina la mtu aliyelitangaza kwanza. Banks na mwenzake Daniel Solander waliichuma mimea ya pwani hiyo kabla ya mwanasayansi yeyote wa Ulaya, wakaieleza kwa Kilatini, wakasimamia ichorwe. Lakini majina yanayofuata ni ya watu wengine: mwana wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka mpangilio wa majina ya mimea, pamoja na Forster, Gaertner, L'Héritier na Brown. Waliochuma ni hawa, waliotajwa ni wale. Kuelewa imekuwaje, tutenganishe kazi nne ambazo huchanganywa kila inaposemwa kwamba fulani aligundua mmea: kuuchuma, kuuhifadhi, kuueleza, na kuyachapisha maelezo yake. Iko na ya tano, kongwe kuliko zote, nayo ni kuujua mmea kwa kuishi nao. Hiyo nitaifikia.

Meli ya makaa na kijana mwenye mali

Endeavour ilijengwa mjini Whitby mwaka 1764 kwa kazi ya kubeba makaa ya mawe. Jeshi la Majini la Uingereza liliinunua mwaka 1768, likaipakia watu wapatao 94 katika chombo chenye urefu wa mita 30 na kidogo. Sababu rasmi ya safari ilikuwa ya anga: kufika Tahiti na kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 3 Juni 1769, ili wanahisabati wapate kukokotoa umbali wa jua. Cook alikuwa pia na maagizo ya siri ya kulitafuta bara kubwa lililodhaniwa kuwapo kusini.

Mimea haikuwa katika hesabu ya serikali. Iliingia kwa sababu Banks, mwenye umri wa miaka 25 na mrithi wa mashamba makubwa ya Lincolnshire, aliomba nafasi na kujilipia mwenyewe yeye na kundi lake. Mtaalamu John Ellis alimwandikia Linnaeus huko Sweden kwamba hakuna watu waliowahi kwenda baharini wakiwa wamejiandaa vizuri kuliko hao kwa kazi ya viumbe: maktaba nzuri, nyavu, mashine za kunasia wadudu, chupa za kuhifadhia wanyama katika pombe. Alisikia kwamba gharama itafika pauni 10,000.

Solander ndiye ninayeona hapewi haki yake. Alikuwa Mswidi, mwanafunzi wa Linnaeus mwenyewe, mtu aliyekuwa na mpangilio mzima wa mimea iliyojulikana kichwani mwake. Banks alikuwa na mali, ari na macho makali. Solander ndiye aliyeweza kulitazama ua na kusema palepale linakaa katika ukoo gani, au kwamba halimo katika kitabu chochote. Walikuwapo pia Herman Spöring kutoka Finland, aliyekuwa karani na mchoraji, na wasanii wawili, Alexander Buchan na Sydney Parkinson. Buchan alifariki Tahiti mara tu baada ya kufika, mzigo wa kuchora ukamwelemea Parkinson.

Kuchuma ni dakika, kukausha ni majuma

Mmea hauna mifupa. Ukishakatwa huanza kunyauka, na ukiachwa na maji yake huota ukungu na kuoza. Njia iliyotumika wakati ule ndiyo inayotumika hadi leo: tawi lenye majani, ua na ikiwezekana tunda hulazwa kati ya karatasi zinazonyonya maji, hubanwa kwa uzito, na karatasi zenye unyevu hubadilishwa mara kwa mara mpaka mmea ukauke kabisa ukiwa bapa. Ukikauka vizuri na wadudu wasiufikie, hudumu karne na karne.

Ua halikuwa pambo. Linnaeus aliipanga mimea yote katika matabaka 24 kwa kutazama viungo vya uzazi vya ua, hasa idadi ya stameni, yaani viungo vya kiume, na namna zilivyokaa. Tawi lisilo na ua lilikuwa karibu halina maana kwake. Kwa hiyo mchumaji alitegemea msimu. Meli ikipita mahali mwezi ambao mti haujachanua, mti ule ulibaki bila nafasi katika mpangilio, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Sasa hamishia kazi hiyo melini, ambako hewa ina chumvi na unyevu, nafasi ni finyu, mende na panya wamejaa, na nyuma yako watu karibu mia wanapika, wanafua na kuugua. Karatasi zilikuwa mali ya thamani. Baadhi ya mimea yao ilibanwa katika karatasi zilizokwisha kuchapwa za kitabu cha ufafanuzi wa mashairi ya Milton, na sampuli hizo zipo hadi leo, majani yamelala juu ya mistari ya uhakiki wa fasihi.

Banks alieleza baadaye, katika barua ya mwaka 1784, jinsi siku zao zilivyokwenda. Asubuhi mpaka saa nane mchana walisoma na kufanya kazi katika chumba kikuu cha nahodha. Baada ya chakula, harufu ya mapishi ikiisha, walirudi mezani mpaka giza linaingia, mchoraji amekaa mbele yao, wao wakimwonyesha cha kuchora huku wakiandika maelezo ya haraka wakati mmea bado mbichi. Rangi ya ua haidumu katika karatasi. Zambarau hugeuka kahawia, nyekundu hufifia. Ndiyo maana picha ilihitajika pamoja na sampuli.

Parkinson alikuwa na njia yake. Mimea ilipokuja mingi kuliko mikono, alichora umbo lote kwa penseli, akapaka rangi jani moja na ua moja tu, na nyuma ya karatasi akaandika maneno ya rangi ili amalizie baadaye. Kule Tahiti nzi walikula rangi kwenye karatasi kabla haijakauka, ikabidi afunikwe kwa chandarua yeye na kiti chake na picha yake. Baada ya Botany Bay, mimea iliwekwa katika masanduku ya bati pamoja na vitambaa vyenye maji ili isinyauke, naye akachora michoro 94 kwa siku 14. Hadi kifo chake alikuwa ameacha picha za mimea zaidi ya 900, ambazo 269 tu zilikuwa zimekamilika.

Solander naye aliandika maelezo ya kila spishi kwenye vikaratasi vilivyo huru, si katika daftari lililojalidiwa, ili aweze kuvipanga upya kila alipopata mmea mwingine wa ukoo uleule. Leo jambo hilo tunaliona la kawaida. Wakati ule lilikuwa ufundi mpya, na masanduku ya kuhifadhia karatasi yaliyobuniwa naye bado huitwa kwa jina lake katika makumbusho na maktaba.

Gharama ya watu

Kule Rio de Janeiro, mwisho wa 1768, mtawala Mreno aliwashuku kuwa wapelelezi au wafanya magendo, akawakataza kushuka. Walichungulia mimea katika majani yaliyoletwa melini kwa ajili ya mbuzi na kondoo na katika mboga za saladi, na mara chache wakajipenyeza nchi kavu bila ruhusa. Hilo linachekesha kidogo likisomwa leo. Yaliyofuata hayachekeshi.

Januari 1769, katika ncha ya kusini ya Amerika, Banks aliongoza kundi la watu kupanda mlima kutafuta mimea ya baridi. Theluji ikawakuta. Watumishi wake wawili weusi, Thomas Richmond na George Dorlton, waliganda usiku ule na kufa. Banks alirudi na mimea. Majina ya watu hao wawili hayamo katika jina la mmea wowote, na naona ni wajibu kuyataja kila hadithi hii inaposimuliwa.

Usiku wa tarehe 11 Juni 1770 Endeavour ilikwama juu ya Mwamba Mkuu wa matumbawe wa Australia. Walitupa mizinga na vitu vizito vya tani zaidi ya 40 kabla meli kuelea. Walipoipandisha kwenye mto wa karibu kuitengeneza, pua iliinuliwa, maji yaliyokuwa ndani yakakimbilia nyuma, yakaingia katika chumba cha mikate. Humo ndimo Banks alimoweka mimea kwa usalama. Mingi iliokolewa kwa kuanikwa tena. Mingine ilipotea kabisa.

Pigo kubwa lilikuwa Batavia, Jakarta ya leo, walikokaa tangu Oktoba hadi Desemba 1770 meli ikifanyiwa matengenezo. Malaria na kuhara damu viliwashika karibu wote. Spöring na Parkinson walifariki baharini Januari 1771, wakipishana kwa siku chache, Parkinson akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Meli ilipofika Uingereza Julai 1771, katika kundi la Banks la watu tisa walikuwa wamebaki wanne.

Hazina iliyofungiwa

Kilichoshushwa hakikuwa na mfano: sampuli zipatazo 30,000 za spishi zaidi ya 3,600, na kati ya hizo takriban 1,400 hazikuwamo katika kitabu chochote cha wataalamu wa Ulaya. London nzima ilimzungumzia Banks. Linnaeus, mzee tayari, aliandika kwa furaha, kisha kwa wasiwasi, akiomba yachapishwe upesi yasije yakapotea.

Wasiwasi wake ulikuwa wa mtu anayeijua sheria ya kazi yake. Jina la mmea halihesabiki mpaka lichapishwe pamoja na maelezo yanayoutofautisha na mingine. Jina lililoandikwa kwa mkono, hata liwe limeandikwa na bingwa, halina nguvu. Na la kwanza kuchapishwa ndilo hutangulia. Kanuni hizi ziliandikwa rasmi baadaye sana, zikihesabu majina tangu mwaka 1753, lakini desturi yenyewe ilikuwapo. Solander alikuwa na maelezo kamili ya mimea ya New Zealand yakiwa tayari kupelekwa kwa mchapaji. Hayakupelekwa.

Wengine hawakungoja. Banks alipogombana na Jeshi la Majini kuhusu meli ya safari ya pili ya Cook, nafasi yake ilichukuliwa na Johann Forster na mwanawe Georg. Walirudi mwaka 1775, na mara moja wakatoa kitabu cha jenasi mpya, yaani makundi ya spishi zenye undugu. Mimea ya New Zealand ambayo Solander alikuwa ameieleza miaka sita kabla ikapata majina ya Forster, ukiwemo harakeke, ule mkonge wa Wamaori wa kusukia kamba na nguo. Mwana wa Linnaeus alizuru London, akaonyeshwa mimea, na mwaka 1782 akachapisha jenasi *Banksia*, kwa heshima ya mchumaji. Gaertner, bingwa wa matunda na mbegu, mwaka 1788 alichapisha mti wa utomvu mwekundu wa Botany Bay akiuweka katika jenasi isiyo yake. Leo unaitwa *Corymbia gummifera*.

Na mikaratusi? Mti huo unaoota leo nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Rwanda kwa ajili ya nguzo na kuni una hadithi yake humu. Banks na Solander walichuma miti ya ukoo huo mwaka 1770. Lakini jina *Eucalyptus* lilitoka kwa Mfaransa L'Héritier, katika kitabu chenye tarehe ya 1788, naye alilitoa kwa sampuli nyingine: ile iliyochumwa mwaka 1777 kisiwani Bruny, Tasmania, na David Nelson, mtunza bustani aliyepelekwa na Banks mwenyewe katika safari ya tatu ya Cook. Kwa hiyo Banks yumo, kama mfadhili na mwenye nyumba iliyofunguliwa kwa kila msomi. Kama mwandishi hayumo.

Kwa nini hakuchapisha? Si kwa ubahili. Kati ya 1771 na 1784 aliwalipa wasanii watano wamalizie picha za Parkinson kwa kufuata maneno yake ya rangi, na wachongaji 18 wakachonga bamba 743 za shaba za kuchapia picha hizo. Lakini mwaka 1778 alichaguliwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, kiti alichokikalia mpaka kufa mwaka 1820. Akawa mshauri wa mfalme kuhusu bustani ya Kew, mpangaji wa safari za wengine, mtu wa barua kila siku. Mwaka 1782 Solander alifariki ghafla. Katika barua ileile ya 1784 Banks alisema kilichobaki ni kazi ya miezi miwili tu, iwapo wachongaji watamaliza. Aliishi miaka mingine 36, na kitabu hakikutoka. Nadhani jibu liko katika vifo viwili: aliyeijua sura ya mmea mbichi alizikwa baharini, aliyeijua nafasi yake katika sayansi akazikwa London. Banks alibaki na mali na bamba. Hata hivyo miaka 36 ni mingi, na alikuwa na deni kwa hao wawili.

Mpya kwa nani

Tumefika kwenye kazi ya tano. Kila nilipoandika kwamba mmea ulikuwa mpya, maana yake ni mpya katika vitabu vya Ulaya. Harakeke ulikuwa ukilimwa na kufumwa New Zealand vizazi vingi. Huko, mikutano ya kwanza kati ya wageni na Wamaori ilimwaga damu. Aliyewezesha mazungumzo alikuwa Tupaia, kuhani na baharia kutoka Ra'iatea aliyepanda melini Tahiti, ambaye lugha yake ilielewana na Kimaori. Naye alikufa Batavia. Kule Botany Bay wanaume wawili wa Gweagal, wenyeji wa hapo, walisimama ufuoni kuwazuia wageni wasishuke, wakapigwa risasi. Mimea iliyoanikwa juu ya tanga ilichumwa katika ardhi ambayo wenyewe walikuwa wamekataa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mtoni walikotengeneza meli, nchi ya Waguugu Yimithirr. Mabaharia waliona makaka ya mbegu za mmea mmoja, wenye umbo la mnazi mfupi, karibu na mioto ya wenyeji. Wakajua ni chakula, wakala. Walitapika vibaya, na baadhi ya nguruwe wa melini waliolishwa mbegu hizo walikufa. Wenyeji walikuwa na namna ya kuondoa sumu kabla ya kula. Banks na Solander waliweza kuuchuma mmea, kuukausha na kuueleza. Karatasi ya sampuli hubeba mmea na jina la mahali. Haina elimu ya kuufanya mmea uliwe, kwa sababu aliyekuwa nayo hakuulizwa kwa lugha aliyoielewa.

Na kuchuma hakukuishia kabatini. Kule Tahiti Banks aliona jinsi mshelisheli unavyolisha watu kwa kazi kidogo. Wenye mashamba ya miwa wa Karibi walitaka chakula rahisi cha watumwa wao, na Banks akaisukuma serikali itume meli. Bounty iliondoka Desemba 1787, Nelson akiwa mtaalamu wa mimea. Mabaharia walipoasi Aprili 1789 miche zaidi ya elfu ilitupwa baharini, na Nelson akafa Kupang miezi michache baadaye. Meli ya pili, Providence, ilifikisha miche St Vincent na Jamaica mwaka 1793. Ni tunda lilelile linalochemshwa na kukaangwa Unguja na Pemba. Safari yake ya Karibi ilipangwa na watu waliohesabu gharama ya kumlisha mtumwa, na mtaalamu wa mimea aliwasaidia kuhesabu.

Karatasi zilizobaki

Banks aliacha mkusanyo wake mikononi mwa Robert Brown, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amezunguka Australia na meli Investigator kuanzia 1801, na ambaye mwaka 1810 aliingiza mimea mingi ya Endeavour katika kitabu chake cha mimea ya Australia. Mwaka 1827 mkusanyo ulihamia British Museum, na leo uko katika Makumbusho ya Historia ya Asili, London. Nakala za sampuli zilipelekwa Sydney na Wellington.

Sampuli ambayo jina la spishi limefungwa kwayo huitwa sampuli ya aina. Ikizuka hoja kama miti miwili ni spishi moja au mbili, wataalamu huirudia hiyo, si maelezo yake pekee. Baadhi ya karatasi za Banks na Solander zina hadhi hiyo, ingawa lebo zake ni za mkato: mahali tu, mara nyingi bila tarehe wala maelezo ya kilima au kinamasi ulipoota mmea. Watafiti hujaza pengo kwa kulinganisha shajara, michoro na vikaratasi vya Solander.

Bamba za shaba zilikaa. Kati ya 1900 na 1905 picha za mimea ya Australia zilichapwa bila rangi. Kisha, kuanzia 1980 hadi 1990, bamba 738 zilisafishwa na kuchapwa kwa rangi kamili jijini London, seti 100 tu, kila rangi ikipakwa kwa mkono juu ya shaba ileile ya karne ya 18. Ili kuijua rangi sahihi ya ua ambalo katika sampuli limekuwa kahawia, wachapaji walirudi kwenye michoro ya Parkinson na kusoma alichoandika nyuma yake kwa penseli.